Lori la Watu Ishirini na Wawili

"Taja majina ya babu zako, mmoja mmoja," chifu alisema.

Hibo alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma. "Guled. Warsame. Jama."

"Huyo Jama ndiye alikuja Kenya?"

"Ndiyo."

"Kufanya nini?"

"Alikuwa askari wa Waingereza. Vita vilipoisha wakampa ruhusa ya kulisha ng'ombe Naivasha."

"Na amezikwa wapi?"

"Huko huko Naivasha, karibu na ziwa."

"Tunaweza kuonyeshwa hilo kaburi?"

Msichana alimtupia baba yake jicho. Guled alikuwa kwenye benchi kando ya mlango, kofia yake magotini. Alikuwa ameruhusiwa kuingia kwa sharti moja: asifungue mdomo.

"Hapo siku hizi ni shamba la maua," Hibo alisema. "Wamejenga greenhouse juu yake."

Mtu wa usalama, ambaye hakuwa amejitambulisha kwa yeyote, alicheka kidogo puani. "Kwa hivyo ushahidi wako unamwagiliwa maji kila asubuhi."

Nyuma ya meza walikuwa watu watano: Chifu Kihara, karani wa kuandikisha watu, huyo wa usalama, na wazee wawili wa Kisomali waliochaguliwa na chifu kuwachuja Wasomali wenzao. Vijana wengine wa mtaa walipata vitambulisho kwa kupeleka cheti cha kuzaliwa na kubonyeza vidole kwenye wino. Wasomali walikuwa na siku yao, Jumanne, na meza yao. Hii ilikuwa mara ya tatu Hibo kusimama mbele ya meza hiyo. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Mzee mmoja alimsemesha Kisomali. Hibo alijibu, akakwama, akachomeka neno la Kiswahili, akakwama tena. Alikuwa amezaliwa Nakuru na kucheza na watoto wa Nakuru; Kikuyu cha kutaniana alikijua kuliko Kisomali cha kujieleza mbele ya wazee. Mara ya kwanza mama yake, Nimo, alimketisha jikoni wiki mbili akimnoa, na mbele ya kamati alijibu bila kigugumizi. Wakaandika kwamba anakijua Kisomali vizuri mno, huenda alikulia ng'ambo ya mpaka. Safari hii walikuwa wameamua aende vile alivyo.

"Niandike hakijui?" karani aliuliza.

"Andika hakijui vizuri," chifu alisema. "Asili yake haieleweki." Kisha akamgeukia msichana, na sauti yake ikawa ya upole, sauti ya mtu anayekuonea huruma kutoka mbali. "Rudi baada ya miezi miwili. Ukuje na barua za shule, kuanzia nursery mpaka form four. Na cheti cha kifo cha babu yako."

Guled alijikuta amesimama. "Chifu, baba yangu alikufa mwaka wa sabini na moja. Wakati huo nani alikuwa anaandikiwa cheti? Wewe mwenyewe unajua sisi. Geti la nyumba yako ni mimi nili—"

"Mzee Guled," chifu alisema bila kupandisha sauti. "Tulikubaliana nini?"

Guled aliketi.

*

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kazi yake ilionekana mtaa wote wa Free Area kwa aliyejua kuitazama: mageti, madirisha, ngazi za nje za majumba ya kukodisha. Yeye mwenyewe alichujwa akiwa mtu mzima, mwaka ule serikali ilipowapanga Wasomali wa nchi nzima foleni na kuwapa kadi ya pili juu ya kitambulisho chao. Alikuwa ameamini jambo hilo lingeishia kwake.

Hibo alihitaji kitambulisho kwa sababu alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi. Abby, msichana wa jirani, aliitwa chuo hicho hicho. Abby alikwenda kwa chifu Jumatatu moja na mama yake, Rahab, na baada ya wiki tatu kitambulisho chake kilikuwa mkononi. Hibo alipewa karatasi ndogo ambayo watu wote huiita waiting, yenye picha yake na tarehe ya mwisho. Tarehe ilipita. Ofisi ikasema haiwezi kutoa waiting nyingine mpaka kamati imalize kazi yake. Kamati nayo ilikuwa haimalizi.

Jeshi lilikuwa limevuka mpaka kuingia Somalia miaka mitatu nyuma. Mwanzoni vita vilikuwa habari za televisheni, vifaru kwenye vumbi. Halafu mabomu yakaanza kulipuka huku nyumbani, na kila yalipolipuka Guled aliona wateja wakimtazama tofauti kidogo, hata wale waliokuwa wakimwita Baba Hibo. Alijifunza kuzima redio mteja akiingia. Baadaye akajifunza kuiacha iendelee, kwa sababu hata kuizima kulionekana.

Mwezi wa nne ukatokea mlipuko Nairobi uliowaua watu kwenye kituo cha basi. Siku tatu baadaye serikali ilitangaza operesheni ya msako.

Lori lilifika kwenye ploti yao Jumamosi saa saba mchana. Guled alikuwa amerudi kula. Polisi sita waliingia, na aliyewaongoza alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Nyumba namba nne," alisoma. "Guled. Watu watatu."

Guled alitoa kitambulisho chake na cha Nimo. Polisi alivitazama, akavigeuza, akakwaruza kimoja kwa ukucha. "Siku hizi zinatengenezwa hata hizi," alisema, lakini akamrudishia. "Huyu wa tatu ako wapi?"

Hibo alikuwa nyumba ya pili, kwa Rahab, ameketi kwenye mkeka akisukwa nywele na Abby. Alitoka akivuta mtandio juu ya kichwa, nusu ikiwa imesukwa na nusu imesimama, akakimbia ndani kuleta ile waiting.

"Hii imeisha mwezi wa pili."

"Nimeenda mara tatu. Walisema nirudi—"

"Utaelezea huko. Panda gari."

Rahab alikuwa ametoka mlangoni, leso kiunoni. Alikuwa mwalimu wa nursery aliyestaafu, na ndiye mwenyekiti wa Nyumba Kumi wa ploti zile, anayetakiwa na serikali kujua nani analala wapi. Yeye ndiye aliyemfundisha Hibo kushika penseli. "Afande," alisema, "huyu ni mtoto wa hapa. Nimemwona akizaliwa. Mimi naweza kuandika statement."

"Mathe, wewe ndiye chairlady?"

"Ndiyo mimi."

"Basi kazi yako ulishafanya, na ulifanya vizuri. Sasa tuachie yetu."

Guled alitazama karatasi mkononi mwa polisi. Mwandiko ulikuwa wa duara, herufi zimesimama kwenye mistari kama watoto wa shule kwenye gwaride. Alimtazama Rahab.

"Baba Hibo," Rahab alisema. "Waliniambia niandike Wasomali wote walio kwa nyumba zangu. Ati ni ya kuwalinda, watu wasije kuwavamia. Nikaandika. Lakini hapo kando niliandika nyinyi ni watu wazuri. Haki ya Mungu, iko hapo. Afande, si usome hapo kando!"

Polisi alikuwa ameshaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Mtaani kote mageti yalikuwa yamefungwa.

*

Rahab alisema kweli. Guled aliyaona maneno hayo kesho yake, juu ya meza ya Inspekta Kemboi. *Watu wazuri*, na chini yake mstari uliopigwa kwa rula.

Alikuwa amefika kituoni na kila kitu: cheti cha kuzaliwa cha Hibo, kadi ya kliniki, ripoti za shule kuanzia darasa la kwanza, barua ya chuo, na picha ya darasa la nane ambamo Hibo alikuwa mstari wa mbele, amefumba macho. Inspekta alizipitia zote bila haraka. Hakuwa mtu wa kufoka. Alimpa Guled kiti, akaagiza chai, akamuuliza kama ni yeye aliyetengeneza ngazi ya hoteli fulani, akasema ni kazi safi.

"Mimi nakuamini, mzee," alisema. "Huyu msichana ni Mkenya. Hata mtoto mdogo angeona. Shida yangu si hapo."

"Shida ni nini basi, Inspekta?"

"Shida ni Nairobi. Kila kituo kimepewa kazi. Mimi niliulizwa nina wangapi, nikasema ishirini na wawili. Wameshaandika. Lori linaondoka leo jioni na watu ishirini na wawili; huko asiye na karatasi anarudishwa Somalia. Nikipeleka ishirini na mmoja nitaulizwa huyo mmoja ameenda wapi, amelipa nini. Unaona vile mambo iko?"

"Lakini hana hatia."

"Hakuna mtu amesema ako na hatia. Hii si ya hatia, ni ya hesabu." Inspekta alikunywa chai. Alipoweka kikombe chini alikuwa amepunguza sauti. "Wewe unajua watu wenu. Kuna wale walitoka kambi ya wakimbizi wakaingia mjini bila ruhusa. Hao ndio serikali inatafuta, si mtoto wako. Nipatie mmoja. Mmoja tu wa ukweli. Huyo anaingia, wako anatoka, na hakuna mtu Nairobi atajua tofauti."

Nje kulikuwa na wanawake waliokuja na vyakula kwenye vyombo vya plastiki, wakibishana na askari wa zamu. Kwa ukuta wa nyuma alisikia mtu akikohoa ndani ya seli, na akajaribu kujua kama ni kikohozi cha mwanawe.

Alimjua mmoja. Nje ya karakana alikofanya kazi kulikuwa na mwanamke aitwaye Ebla, aliyeuza sambusa kwenye karai. Mumewe na wanawe wawili waliuawa Mogadishu kabla hajakimbia. Aliishi kambini miaka mingi, akaja Nakuru kutibiwa figo, na barua yake ya ruhusa ilipokwisha hakurudi. Alilala kwenye chumba nyuma ya msikiti. Mwaka jana moto wa welding ulipomchoma Guled macho, Ebla ndiye aliyemkalisha kwenye kigoda chake na kumwekea vipande vya viazi vibichi juu ya kope, akimkemea kama mtoto kwa kutovaa miwani.

Yeye ni wa kule, Guled alijiambia. Mogadishu ni mji wake, anaujua. Mtu akirudishwa kwao si sawa na mtu kupelekwa asikokujua. Alilirudia wazo hilo mpaka likakaa.

"Kuna mama anauza sambusa," alisema.

"Wapi?"

"Nje ya karakana yetu. Analala nyuma ya msikiti."

"Jina?"

Chai ilikuwa imefanya utando juu. "Ebla."

Inspekta aliandika. Alimaliza, akaweka kifuniko cha kalamu mahali pake. "Umesaidia nchi yako, mzee," alisema. "Ngoja kwa benchi, utatoka na msichana wako."

Guled alingoja. Saa kumi Land Rover ya polisi iliingia uani na Ebla akashushwa, mikono yake ikiwa bado na unga. Walimwacha amesimama kando ya lori lililokuwa limeegeshwa pale tangu asubuhi. Kisha mlango wa seli ukafunguliwa na majina yakaanza kuitwa. Wazee, kijana mmoja mwenye sare ya shule, mwanamke mwenye mtoto mchanga ambaye hakuhesabiwa. Hibo alikuwa wa nane. Alipanda akishika mtandio kwa mkono mmoja. Guled alimsubiri ashushwe. Waliendelea kuita. Mwisho wakamsukuma Ebla, na askari aliyekuwa akihesabu akasema kwa sauti, "Ishirini na tatu."

Guled alimkimbilia Inspekta aliyekuwa akitia sahihi kwenye boneti. "Inspekta, tulisema—"

"Nimepiga simu," Kemboi alisema, bila kuinua macho. "Wamesema wakizidi si mbaya. Wakipungua ndio shida."

"Lakini tulisema!"

"Mzee, usinipigie kelele mbele ya vijana wangu."

Juu ya lori Ebla alikuwa amemwona. Uso wake ulifunguka, kama mtu aliyepotea sokoni akaona sura ya nyumbani. Aliita kwa Kisomali, juu ya sauti ya injini. "Guled! Waambie unanijua! Wewe unanijua mimi!"

"Aabo!" Hibo naye alimwita baba yake. Alikuwa amesimama karibu na Ebla, amemshika kiwiko asianguke. "Aabo, si unamjua huyu mama? Waambie!"

Askari mmoja aligeuka. "Mzee, unamjua huyu?"

Watu wote walikuwa wanamtazama, na Inspekta pia, kalamu ikiwa hewani.

"Namwona tu pale nje," Guled alisema. "Huwa anauza."

Askari alifunga bodi ya nyuma na kupitisha pini.

*

Nairobi waliwekwa kwenye uwanja wa michezo pamoja na maelfu ya wengine. Guled na Nimo walisafiri huko mara mbili na hawakuruhusiwa kupita lango la nje. Chakula walichobeba kilichukuliwa na polisi aliyeahidi kukifikisha. Mara ya pili yule polisi hakuwapo, na aliyekuwapo hakujua lolote kuhusu chakula.

Walimpata wakili, mwanamke kijana aitwaye Awuor, wa shirika la haki za binadamu. Awuor alipiga picha karatasi zote, moja moja, kwa simu yake. Alisema Katiba iko wazi: mtu hazuiliwi zaidi ya saa ishirini na nne bila kufikishwa kortini, na Mkenya hafukuzwi kwao. Alisema hayo kwa hasira, akigonga meza kwa kidole, na Guled alimwonea huruma kwa sababu alionekana kuamini kwamba watu wale hawakuwa wameyasoma.

Kesi ilisikilizwa Ijumaa. Wakili wa serikali alikuwa mwanamume mnadhifu mwenye faili jembamba. Alisimama akasema kwamba, kwa heshima zote, ombi lililo mbele ya korti limepitwa na wakati. Hibo Guled hayuko tena katika ardhi ya Kenya. Aliondoka Jumatano asubuhi, kwa ndege, pamoja na raia wengine wa Somalia, kurudi nchini kwao.

"Nchini kwao wapi?" Nimo aliuliza kwa sauti kutoka viti vya nyuma. Karani wa korti alimwambia anyamaze.

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Alisema korti inasikitishwa na jambo hilo, ila haiwezi kutoa amri ambayo haina wa kuitekeleza. Akaipa serikali siku thelathini ijibu kwa maandishi.

Siku thelathini zilipita, kisha miezi, bila neno. Guled alirudi kazini kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Pale nje ya karakana mtu mwingine alishachukua nafasi, kijana wa kuuza maembe. Rahab alikuja jioni kadhaa na kikapu, unga na mafuta ya kupikia, akabisha hodi. Nimo alikuwa akisimama upande wa pili wa mlango, mkono juu ya komeo, asifungue mpaka nyayo zimeondoka. Mwezi wa tisa Abby alienda chuoni. Aliondoka na sanduku jipya asubuhi mapema, na mama yake akamwambia asicheke kwa nguvu wakipita namba nne.

Nimo hakuwahi kumuuliza mumewe aliyozungumza na Inspekta siku ile. Aliamini alikuwa amebembeleza. "Angalau ulijaribu," alimwambia mara moja, akimkunjia shati, na Guled akatoka akaenda kukaa chooni.

*

Simu iliita Ijumaa moja alasiri, namba ndefu isiyo ya Kenya. Nimo aliipokea akaiweka katikati ya meza, sauti juu.

"Aabo? Hooyo?"

Nimo, kusikia akiitwa mama, alilia kwanza, kwa hivyo ni Guled aliyeongea. "Uko wapi?"

"Mogadishu. Niko sawa. Niko sawa, msilie." Hibo alikuwa akinong'ona, Kiswahili chake cha Nakuru kikitoka haraka haraka kama kitu alichokuwa amekifungia. "Walitushusha tu uwanja wa ndege wakasema nendeni. Sikujua hata niangalie upande gani. Yule mama wa sambusa akanishika mkono. Aabo, yule wa pale karakana kwenu, Mama Ebla. Hajaniacha hata siku moja. Tuko kwa dada ya marehemu mume wake, wako na chumba kimoja."

"Unakula? Una afya?" Nimo aliuliza.

"Nakula. Hooyo, mimi hapa siongei. Wakisikia Kiswahili wanadhani ni mpelelezi wa jeshi la Kenya. Kuna msichana aliuawa kwa maneno kama hayo. Na Kisomali changu wakikisikia wanauliza nimetoka wapi. Kwa hivyo Mama Ebla amewaambia watu mimi ni binti yake na nilizaliwa bubu. Nje ya mlango sifungui mdomo. Saa hii niko chini ya blanketi ndio niongee na nyinyi."

Guled aliangalia simu. Ilikuwa na ufa kwenye kona na vumbi la chuma limeingia ndani ya kioo.

"Anataka kuwasalimia," Hibo alisema.

Sauti ya Ebla ilikuja, ya Kisomali, kavu na ya karibu, kama vile angekuwa amekaa nje ya karakana. Aliwasalimia kwa majina. Alimwambia Nimo asihofu, msichana ni wake sasa, hata sokoni haendi naye ovyo. Alisema figo zinasumbua kidogo. Akaulizia karai lake na jiko, kama msikitini wamevitunza.

"Na Guled," alisema, "kuna kitu nataka unisaidie."

"Sema," Nimo alisema kabla ya mumewe.

"Siku ile polisi walikuja moja kwa moja mpaka kwangu. Hawakuuliza mtu. Walijua jina na chumba ninacholala. Kuna aliyenitaja. Wewe ni mtu wa mji, unaweza kuingia kituoni ukazungumza nao. Niulizie ni nani. Sina mkono wa kumfikia na sitaki kumlaani. Nalala nikipita watu wote niliowahi kuwauzia, mmoja mmoja, nikitafuta niliyemkosea. Nataka tu kujua nilimfanyia nini."

Simu ilipiga mluzi mdogo wa masafa. Guled alifungua mdomo.

"Ataenda," Nimo alisema kwa nguvu, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Umemlea mwanangu, Ebla, hilo ni deni dogo kwetu. Anamjua Inspekta mwenyewe. Kesho asubuhi ataenda kukuulizia. Guled, mwambie."

Alimsukumia simu. Guled aliiegemea. Alisikia Ebla akipumua, na nyuma yake kitambaa kikichakacha, blanketi la Hibo.

"Nitauliza," alisema.

Kesho yake Nimo alimfulia kofia na kumtolea viatu. Alisimama getini kumtazama mpaka alipokata kona, kwa hivyo hakuwa na njia nyingine ya kufuata ila ile ya kituoni. Alifika saa tatu. Uani kulikuwa na lori, bodi yake ya nyuma imeteremshwa. Alikaa kwenye benchi pamoja na wanawake wenye vyombo vya plastiki, akiwaza aombe kitu gani kingine, barua, fomu, chochote cha kumfanya aonekane alikuja.

Inspekta Kemboi alipita ukumbini na kikombe cha chai. Alimwona, akasimama, na uso wake ukachangamka.

"Ah, Mzee Guled! Umekuja wakati mzuri." Alifungua mlango wa ofisi kwa kiwiko, akamvutia kiti, akatoa kalamu na kuing'oa kifuniko. "Leo tena nimepungukiwa watu wawili. Ingia, ingia. Umeniletea nani?"